Senene wa Afande

Novemba ile nilikuwa nimepanga chumba Masaka, Uganda, kwa mzee mmoja mwanajeshi mstaafu. Mimi ni wa Bombo, nyumbani tunaongea Kinubi na Kiswahili, kwa hiyo mzee alifurahi kupata mtu wa kummwagia Kiswahili chake cha kambini. Nilimwita Afande, akaniita Kijana, tukapatana vizuri mpaka siku aliponiona sokoni na kamera.

Kamera yenyewe ni ya Super 8, mtindo uliotoka mwaka 1965, inalia kama cherehani. Kaseti moja ina mkanda wa mita 15. Ukipiga kwa picha 18 kila sekunde, dakika 3 na sekunde 20 kwisha habari. Kwa kaseti hiyo moja nilijinyima nyama miezi miwili.

“Hebu tuone,” akasema Afande.

“Bado, Afande. Mpaka isafishwe.”

“Kwani imechafuka?”

Nikamweleza. Akaitazama simu iliyochomoza mfukoni mwangu, kisha akanitazama mimi, kama unavyomtazama mtu anayesukuma baiskeli nzima.

Dawa ya kusafishia sikuwa nayo. Lakini mwaka 1995 darasa moja la chuo cha huko Rochester, Marekani, lilionyesha kwamba kahawa ya kuyeyuka ikichanganywa na magadi ya kufulia inasafisha picha za nyeusi na nyeupe. Baadaye watu wakaongeza vitamini C. Tena wazoefu wanasema robusta ya bei rahisi ndiyo inayofanya kazi zaidi, na robusta kwa Masaka ni kama mchanga kwa pwani. Nikajiona nimelalia kiwanda. Harufu yake tu ndiyo sitaki kuizungumzia. Mke wa Afande alitoka jikoni akauliza nani amefariki.

Umeme ulipokatika saa mbili usiku, nilishukuru kwa sauti. Mkanda ule hautaki hata taa nyekundu, unataka giza la kaburini. Nikaingia stoo, nikaziba mlango kwa magunia, nikaivunja kaseti, mkanda wote nikautumbukiza kwenye ndoo ya kahawa. Unaukoroga kwa mkono, taratibu, dakika 15, unateleza vidoleni kama tambi. Simu ina mwanga, basi nikahesabu sekunde kwa mdomo hadi 900.

Nilipofika 487, jenereta ikanguruma ukutani.

Nilikuwa nimesahau msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa wanaofuata taa usiku. Afande alikuwa amesimamisha mabati yake ya kuwanasa nyuma ya stoo, mapipa chini, na juu taa moja ambayo nadhani hata Kampala waliiona. Kila tundu la msumari kwenye paa likawa nyota. Nikaikumbatia ndoo, nikaifunika kwa kifua, huku bado nahesabu, maana ningeacha ningepoteza hesabu.

“Nani iko ndani nahesabu senene yangu?”

“Mia tano na tatu... ni mimi, Afande! Mia tano na nne...”

Hapo wakaanza kuingia kwa juu ya ukuta. Senene hajui kubisha hodi. Wa kwanza alinigonga shingoni, wa pili akatua ndooni, na vidole vyangu vikahisi miguu yenye miiba ikipiga teke ndani ya kahawa ya uvuguvugu. Nikaruka. Kifua kikaachana na ndoo.

Asubuhi, baada ya dawa ya kukaza picha (hiyo nilikuwa nayo) na maji mengi, nikauanika mkanda kwenye kamba ya nguo. Mweusi tii. Soko halikuwemo, bodaboda hazikuwemo. Ila hapa na pale senene alikuwa amegandia akaukinga mwanga, na kivuli chake kimebaki cheupe: mguu, ubawa, kipapasio kirefu. Picha moja ya Super 8 ni ndogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, kwa hiyo senene mmoja amelalia picha zaidi ya kumi, na ukimwonyesha ukutani anapita kabla hujapepesa. Mwaka 1963 Stan Brakhage, mtengeneza filamu wa Marekani, alibandika mabawa ya nondo kwa mkono ili atoe filamu bila kamera. Mimi wangu walijileta wenyewe.

Afande akaja na miwani yake. Akaushika mkanda, akauelekeza juani, akasogea nao hatua kwa hatua kama anakagua gwaride, akihesabu kwa sauti mpaka mwisho wa kamba.

“Kumi na saba,” akasema. “Hiyo nitaweka kwa kodi ya Desemba.”