Rampu ya kupigia picha

Jamani, ile rampu ya chuoni kwetu hapa Mombasa, njia ya mteremko ya viti vya magurudumu, ilijengewa nani? Wakubwa walikuja, utepe ukakatwa, picha zikapigwa. Sasa ndiyo maegesho ya pikipiki. Ukifika na kiti chako cha magurudumu unaambiwa, "Ngoja kidogo, dadangu, mwenyewe yuaja." Mwenyewe yuko kibandani anakunywa chai na mahamri.

Tena imesimama wima! Mafundi wanajua kipimo: kila sentimita 1 ya kupanda inataka angalau sentimita 12 za urefu. Hii yetu hata mwenye miguu yake huipanda akihema, na kwa jua hili la kaskazi, jasho linatiririka hadi viganja vinateleza kwenye magurudumu. Na huko juu kuna nini? Kizingiti!

Lifti sitaisemea. Darasa likihamishiwa ghorofa ya tatu, vijana wananibeba mzobemzobe kama gunia la mchele, kila mmoja na maoni yake kuhusu uzito wangu. Wana moyo, Mungu awalipe, lakini mimi nilikuja kusoma uhasibu. Mikutano ya vilabu nayo, huko huko juu, halafu kesho yake naulizwa, "Mbona hukuja?"

Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inatambua haki yetu ya kufika kila mahali ipasavyo. Nikamtajia msimamizi wa majengo. Akanisikiliza vizuri tu, kisha akaniambia niandike barua niilete mwenyewe ofisini kwake.

Ofisi iko ghorofa ya pili.