Glavu Zinamlinda Nani?

Majira ya baridi ya 1889 kuingia 1890, muuguzi wa chumba cha upasuaji katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, alikuwa anateseka na mikono. Caroline Hampton alikuwa akitumbukiza mikono kila siku kwenye dawa ya zebaki ya kuua vijidudu, na dawa hiyo ikawa inamla ngozi. Daktari bingwa wa upasuaji aliyefanya naye kazi, William Halsted, akaiomba kampuni ya Goodyear imtengenezee glavu nyembamba za mpira. (Baadaye hao wawili walioana.) Ilipita miaka kadhaa ndipo madaktari wakatambua kwamba glavu zinawasaidia na wagonjwa pia, maana vidonda vya upasuaji vilipungua kuoza.

Kisa hiki hakinitoki akilini kwa sababu naona sisi wahudumu wa afya tumebaki palepale kilipoanzia. Tunavaa glavu kwa ajili ya ngozi yetu. Mgonjwa anafuata baadaye, kama anafuata.

Mimi ni muuguzi, na ninayoyasema nimeyaona wodini, mengine nimeyafanya mwenyewe nilipokuwa mchanga kazini. Mtu anavaa glavu, anamwaga mkojo uliojaa kwenye mfuko wa mgonjwa wa kwanza, anavuta pazia, anashika kalamu, anafungua faili, kisha anasogea kitanda cha pili na kuigusa kanula, ule mrija mdogo wa kupitishia dawa mshipani. Glavu ni zilezile. Yeye anajihisi msafi kwa kuwa hakuna kilichomgusa. Lakini mkono mtupu uliochafuka angalau humkera mwenyewe, akatafuta maji. Glavu inaondoa ile kero, na kero ndiyo iliyokuwa inatukumbusha kunawa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishatuwekea nyakati tano za kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi kamili kama kuweka kanula au kufunga kidonda, baada ya kugusana na damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Ziangalie vizuri. Mbili za mwanzo ni za kumlinda mgonjwa aliye mbele yako, na ndizo tunazozikosa zaidi. Zile za "baada" tunazikumbuka, kwa kuwa tukishamaliza kushika damu tunaogopa. Hakuna anayehitaji kufundishwa kujiogopea. Kinachotakiwa ni kumwogopea mtu mwingine kabla hujamgusa, wakati mikono yako inaonekana haina kitu.

Ignaz Semmelweis aliliona hilo Vienna mwaka 1847, wala vijidudu vilikuwa havijaeleweka. Madaktari na wanafunzi walitoka kupasua maiti wakaenda moja kwa moja kuzalisha, na kinamama wakafa kwa homa ya uzazi. Mwezi Aprili walikufa takriban 18 katika kila 100. Aliwaamuru wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuingia, na kufikia Juni vifo vilishuka hadi kama 2. Madaktari wengi walichukizwa kuambiwa kwamba ugonjwa ulikuwa mikononi mwao. Uchungu huo naufahamu, kwa sababu hata leo ukimkumbusha mwenzako kunawa, anasikia umemwita mchafu.

Kwa makadirio ya WHO, katika kila wagonjwa 100 wanaolazwa, 7 katika nchi tajiri na 15 katika nchi za kipato cha chini na cha kati hupata angalau ambukizo moja hukohuko hospitalini. Kati ya kila 10 wanaoambukizwa, mmoja hufa. Watu hao walikuja kutibiwa kitu kingine kabisa.

Glavu zivaliwe, sisemi ziachwe. Palipo na damu, kinyesi au kidonda, huwezi kuzikwepa. Ila ni za mgonjwa mmoja na kazi moja, na hata kwa mgonjwa huyohuyo, ukitoka sehemu chafu kwenda sehemu safi unabadilisha. Ukizivua unasafisha mikono, kwa sababu zina vitundu visivyoonekana na wakati wa kuzivua uchafu hurukia ngozi. Kitakasa mikono cha alkoholi kinataka sekunde 20 hadi 30 za kusugua mpaka pakauke. Maji na sabuni, sekunde 40 hadi 60 kwa zoezi zima. Mgonjwa mwenye kuhara kwa bakteria ya Clostridioides difficile, tumia sabuni na maji, maana mbegu zake haziuawi na alkoholi. Na sindano inapenya glavu bila shida: usiirudishie kifuniko, na ukijichoma toa taarifa palepale, kwani dawa za kukukinga na VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, mapema kadiri inavyowezekana.

Hata hivyo siwezi kuwabebesha wauguzi peke yao lawama. Nimefanya kazi mahali ambapo maboksi ya glavu yalijaa stoo huku chupa ya kitakasa mikono ikiwa tupu wiki nzima, na sinki likiwa mwisho wa korido. Mtu mwenye wagonjwa 20 hatakwenda huko kila anapobadilisha kitanda. Ninachowaomba viongozi wa wodi ni chupa moja miguuni pa kila kitanda, na jina la mtu wa kuijaza liandikwe kwenye ratiba ya kila zamu, pale pale linapoandikwa jina la anayetoa dawa.