Miwani baadaye, pigeni picha kuta kwanza

Dar siku hizi mtu akitaka kuonekana anajali urithi, anazindua miwani ya VR, ile inayokufunika macho na kukuonyesha mahali pa kompyuta kana kwamba umesimama humo. Utepe unakatwa, mgeni rasmi anavalishwa, anageuza shingo huku na huku kama kuku aliyemwagiwa maji, picha zinapigwa, kwisha. Na ndani ya miwani kuna nini? Magofu ya kubuni, yaliyochorwa na mtu aliyekaa kwenye kiyoyozi.

Kinachokera ni kwamba magofu ya kweli ya Kunduchi, hapa hapa Dar, yapo, na kila masika yanapungua. Makaburi ya matumbawe, nguzo zake, mashimo ya duara yalikopachikwa sahani za kaure za Kichina, vyote vinaweza kunakiliwa kwa kamera ya kawaida, kisha programu ya kompyuta ikaunganisha picha kuwa umbo la pande tatu. Zunguka kaburi mara tatu: chini, usawa wa kifua, juu. Kila picha irudie asilimia 70 hivi ya iliyotangulia. Kaburi moja linaweza kula picha 200 na zaidi. Mwanga na fokasi viweke kwa mkono, kamera ikijiamulia yenyewe rangi zitarukaruka. Weka rula kwenye picha, la sivyo programu haitajua kama hilo ni kaburi au kiberiti. Nenda siku ya mawingu, kwa sababu kivuli cha jua kali kitagandia kwenye jiwe la ndani ya kompyuta na hakitoki tena. Upepo ukitikisa majani, programu inakosa nukta za kulinganisha, inakutolea uji. Kaure ndiyo balaa lenyewe: mng'ao wake unahama kila unapohama wewe. Ikinge kwa shuka jeupe. Na tafadhali, msisugue ukuta eti "utokee vizuri"!

Picha ghafi zikae sehemu tatu, moja iwe nje kabisa ya ofisi. Zikibaki kwenye laptop ya mkandarasi, siku mkataba unapoisha zinaondoka naye.

Haya, miwani ina kazi yake, nakubali. Pale Samora, kabla ya sanamu ya Askari ya 1927, palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa enzi za Wajerumani, Waingereza wakaing'oa. Kitu kisichokuwepo tena, kionyesheni humo. Lakini miwani msiitoe juani: miale ikipita kwenye lenzi inaunguza skrini kwa ndani, na doa hilo halifutiki. Mgeni akae kwenye kiti kinachozunguka, ndani, dakika tano zinatosha. Akisimamishwa na kutembezwa kidijitali huku miguu imetulia, kichefuchefu kinamshika. Kifuniko cha uso kibadilishwe kwa kila mtu, kwa jasho letu hili. Lenzi zifutwe kwa kitambaa laini kikavu. Spiriti inaharibu utando wake.

Wa simu wapeni ukurasa mwepesi unaofunguka kwenye kivinjari. Nani atachoma bando la MB 400 akiwa getini?

Halafu mhudumu. Chaji ya miwani nyingi ni saa mbili au tatu tu, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuzipokezanisha kwenye umeme, kuzifuta na kuzihesabu jioni. Mshahara wake ndio msitari usioonekana kwenye bajeti yoyote ya uzinduzi.