Picha na Ramani za Reli ya Kaskazini: Zisambazwe Zilivyo au Zihakikiwe Kwanza?

Picha nyingi za ujenzi wa reli ya Tanga hadi Moshi zimehifadhiwa Ujerumani. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt ina makumi ya maelfu ya picha za makoloni. Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa hilo, ina mkusanyiko wa Walther Dobbertin, mpiga picha aliyefanya kazi Afrika Mashariki ya Kijerumani. Nakala nyingi zinapatikana mtandaoni bila malipo. Je, walimu, makumbusho na wapenda historia wa Moshi na Arusha wazitumie zilivyo, au zihakikiwe kwanza na watu wanaoyajua maeneo hayo?

Wanaotaka zisambazwe mara moja wana hoja nzito. Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Kipande cha Moshi hadi Arusha kilikamilika 1929, enzi za Waingereza. Waliobeba mataruma, yale magogo au vyuma vinavyolazwa chini ya reli, wote wameshafariki. Picha moja safi inaonyesha kama mataruma ni ya chuma au mbao, kama chini kuna kokoto au udongo mtupu, tuta lina kimo gani na udongo ulibebwa kwa karai au kwa toroli. Huku nyumbani, postikadi zilizobaki kwenye masanduku zinaliwa na mchwa na kushikana kwa unyevu. Ukisubiri uhakiki kamili, utahakiki vumbi.

Upande wa pili nao una sababu, na kubwa ni maelezo ya picha. Mara nyingi mhandisi Mzungu anatajwa kwa jina, na watu arobaini waliosimama nyuma yake wanaitwa vibarua tu. Kodi ya kibanda iliyoanza 1898, iliyowasukuma wengi kutafuta kazi ya fedha, haionekani kwenye picha. Ukizibandika ukutani na maelezo yale yale, unarudia sauti ya aliyeagiza zipigwe.

Halafu kuna makosa ya mahali. Moshi ndiyo mfano unaowanasa wengi. Boma la mwanzo lilikuwa juu mlimani, eneo tunaloliita Old Moshi. Reli iliishia chini tambarare, utawala ukashuka, na mji mpya ukakulia kwenye stesheni. Picha ya mwaka 1900 iliyoandikwa “Moschi” na ya 1912 yenye jina hilo hilo zinaweza kuwa za sehemu mbili zilizotengana kwa kilomita kadhaa. Anayeziweka sambamba kuonyesha “zamani na baadaye” anapotosha, hata kama nia yake ni njema.

Kwenye ramani hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu mstari unaonekana kama ushahidi. Ramani kuu ya Wajerumani ilikuwa ya skeli ya 1:300,000. Milimita moja ni mita 300, hivyo mstari wa reli wenye unene wa nusu milimita unafunika mita 150 ardhini. Hauwezi kumaliza ugomvi wa mpaka wa shamba na hifadhi ya reli, na asiyejua hesabu hiyo atautumia kwa kazi hiyo hiyo. Ramani zetu za 1:50,000 nazo zina mtego: zimejengwa juu ya Arc 1960, mfumo wa zamani wa kupimia mahali, wakati GPS ya simu inatumia mfumo mwingine, WGS84. Usipobadilisha, kila kitu kinahama takriban mita 300.

Kwa maoni yetu zisambazwe, ila si kienyeji. Skani picha kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi), mbele na nyuma, kwa sababu mhuri na maandishi ya penseli ya nyuma mara nyingi ndiyo yenye tarehe. Hifadhi faili mama kama TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha, JPEG iliyo nyepesi iwe ya kugawa. Maelezo ya asili yabaki kama yalivyo, na ya kwetu yaandikwe pembeni yakiwa na jina la aliyeandika na sababu yake. Picha za watu waliofungwa minyororo au kunyongwa zisiwekwe wazi kabla ya kuzungumza na ukoo husika.

Unapoifunga ramani ya zamani kwenye mahali pake halisi kwa QGIS, programu ya kompyuta ya ramani, alama tatu za kulinganisha zinatosha kwa hesabu nyepesi, lakini hazitakuonyesha kosa. Weka kumi, ukizitawanya hadi kwenye pembe. Tumia stesheni na maboma, usitumie mito: Kikuletwa na Ruvu hubadili njia, na Bwawa la Nyumba ya Mungu lilifunika sehemu ya bonde lake. Madaraja nayo yakaguliwe, maana Wajerumani waliporudi nyuma mwaka 1916 walibomoa baadhi, na picha inaweza kuwa ya daraja lililojengwa upya.

Na unapotafuta kwenye hifadhi hizo za Ujerumani, tumia tahajia ya Kijerumani: andika “Moschi”, “Aruscha”, “Kilimandscharo” na “Usambarabahn”. Lushoto iko chini ya “Wilhelmstal”. Kwa tahajia ya Kiswahili utapata picha chache na kudhani nyingine hazipo.