Moduli ya keneli ikigoma kupanda: uzime Secure Boot au usaini?

Keneli ya Linux (kiini cha mfumo) ikishaapdetiwa na moduli, yaani kipande kama draiva kinachopakiwa ndani yake, ikagoma kupanda, ushauri unaotoka haraka ni ule ule, ingia BIOS, zima Secure Boot (ulinzi unaokubali tu kilichosainiwa kwa ufunguo unaoaminika), jaribu tena. Wanaopinga nao wanakuja juu, saini moduli yako, ulinzi uache kama ulivyo. Naona wote wana hoja ila wanabishana kabla hawajajua moduli imekataliwa kwa kosa gani.

Anza na dmesg (amri inayoonyesha ujumbe wa keneli), maana modprobe, amri ya kupandisha moduli, inatoa sentensi moja tu afu inanyamaza. modprobe ikisema "Key was rejected by service" sawa, hapo ni saini kweli. Lakini ikisema "Exec format error" na kwenye dmesg kuna mstari wa version magic (alama ya toleo la keneli) wenye matoleo mawili ya keneli yasiyofanana, hiyo moduli ilikompailiwa kwa keneli nyingine, hata uzime Secure Boot haipandi, ikompaili upya kwa hedazi (mafaili ya maelezo ya keneli) za keneli unayotumia sasa, na DKMS, zana ya kukompaili moduli upya kila keneli ikibadilika, ipo kwa kazi hiyo hiyo. Kuna wanaolazimisha kwa modprobe -f, hiyo siiungi mkono kabisa, unaruka ukaguzi wa toleo na kama mpangilio wa data ndani ya keneli umebadilika moduli inaandika pasipo pake kwenye memori, mafaili yanaharibika bila wewe kujua.

Inayochosha watu zaidi ni pale lsmod (orodha ya moduli zilizopanda) inaonyesha moduli ipo ila kifaa kimelala. Init, hatua ya kuanza ya moduli, imerudisha 0, yaani imefaulu, kilichofeli ni probe, yaani draiva ilipojaribu kukishika kifaa. Soma namba ya kosa kwenye dmesg: -19 kifaa hakipo, -12 memori imekosekana, -2 mara nyingi fimwea (programu ya ndani ya kifaa) haijapatikana, na hapa wengi wanapotea kwa sababu wakiangalia /lib/firmware faili wanaliona, kumbe moduli ilipanda mapema ndani ya initramfs (mfumo mdogo wa muda wa kuwashia mashine), diski kuu haijafunguliwa bado, hivyo fimwea inabidi iwekwe humo humo. -517 wala usihangaike nayo, draiva inasubiri kitu kingine kiwe tayari itajaribu tena.

Sasa tuseme ni saini kweli. Anayezima kwenye mashine ya majaribio, anayekompaili moduli kutwa nzima, simlaumu, na kuzima kwa muda ni kipimo kizuri, ikipanda umeshajua tatizo. Kusaini nako kuna usumbufu wake: unaomba ufunguo wako usajiliwe kwa mokutil --import, unarebooti, inakuja skrini ya bluu inayosubiri sekunde chache tu, ukichelewa mashine inaendelea kuwaka bila ufunguo kusajiliwa. Kwa seva iliyo mbali ambayo huna hata konsoli yake hapo umekwama.

Ila moduli ikishaingia inafanya kazi kwa mamlaka yote ya keneli, rootkit (programu hasidi inayojificha) inapita njia hiyo hiyo, ndo maana naegemea kusaini. Na wanaosaini waambiane ukweli, ufunguo wa siri ukikaa kwenye mashine ile ile, mtu akipata root (mamlaka ya msimamizi mkuu) anasaini ya kwake na keneli inaipokea vizuri tu, ulinzi unakuwa umepungua sana. Kwa mashine yenye data za watu, ufunguo ukae kwenye kompyuta nyingine, moduli isainiwe huko ndo iletwe.