Kusoma Mstari wa Mwisho Si Kuwa na Macho Mazima

Zoezi la kupima macho bure likitangazwa, hasa ikikaribia Siku ya Uoni Duniani, Alhamisi ya pili ya Oktoba, habari hupita kwa sheha, kiongozi wa mtaa, na kwa kipaza sauti cha msikitini, na asubuhi yake mabenchi ya skuli yanajaa mapema. Wapo wanaoiona siku hiyo ni neema. Wengine wanasema ni bango, fulana na picha, kisha mgonjwa anabaki na lake. Kila upande una haki yake, lakini wote wanagombania idadi ya waliopimwa, na wachache wanauliza kilichopimwa ni nini.

Tuanze na watetezi. Matibabu katika hospitali za serikali Zanzibar yalitangazwa kuwa bure tangu 1964, kwa hivyo mtu anaweza kushangaa: bure ya nini tena? Jibu liko kwenye nauli. Mama wa Micheweni, Pemba, anayetaka kliniki ya macho ya Chake Chake analipa daladala kwenda na kurudi, anapoteza siku ya kazi, na kama haoni vizuri analipia na wa kumshika mkono. Zoezi likifika shehiani kwake, gharama hiyo yote inaondoka.

Tena lipo tatizo ambalo zoezi la siku moja linalimaliza palepale. Kuanzia miaka 40 hivi, lenzi ya jicho hukakamaa na kushindwa kujikunja kutazama karibu. Mshonaji wa kofia za viua anaanza kuusogeza mkono mbali, tundu la sindano linampotea, vitobo vinatoka havilingani. Mchambuaji karafuu anaacha makonyo, vile vijiti vyake, ndani ya zao, na msahafu unasomwa kwa kunyoosha mikono. Utafiti uliofanywa Zanzibar na kuchapishwa 2010 uliwakuta karibu watu 9 kati ya 10 wa miaka 40 na zaidi wana tatizo hili, na waliokuwa na miwani inayowafaa hawakufika mmoja kati ya watano. Dawa yake ni miwani ya kusomea: nguvu ya kiasi cha +1.00 hadi +1.50 kwa aliyeingia arubaini, karibu +2.00 kwa wa hamsini, +2.50 au +3.00 kwa wa sitini. Huko Assam, India, wachuma chai wa miaka 40 na zaidi waliopewa miwani ya namna hii waliongeza mavuno kwa zaidi ya asilimia 20. Matokeo yalitolewa 2018. Anayeliita zoezi hili mchezo, hili limemshinda kulijibu.

Sasa upande wa pili, ambao unahitaji kukitazama kipimo chenyewe. Chati hubandikwa mita 6 kutoka kwenye kiti. Chumba kikiwa kifupi kuna chati ya mita 3 iliyotengenezwa kwa masafa hayo. Kuchukua ile ya mita 6 na kukadiria hatua nne ni kumpa mtu macho asiyokuwa nayo. Asiyesoma hupewa chati ya herufi E iliyogeuzwa pande nne, naye huonesha kwa vidole miguu ya E imeelekea wapi. Jicho hupimwa moja moja, jengine likifunikwa kwa kiganja bila ya kulibonyeza, kwa sababu jicho lililobonyezwa huona ukungu kwa muda, na zamu yake ikifika linaonekana bovu kuliko lilivyo. Vidole vikiachana, mtu anachungulia hata bila ya kukusudia. Chati ikiwekwa mbele ya dirisha, mwanga wa nyuma unafifisha herufi. Na kubwa kuliko yote ni foleni: aliye wa kumi na tano ameshausikia mstari wa mwisho mara kumi na nne.

Majibu huandikwa kwa mfano 6/18, yaani anachokiona yeye kwa mita 6, mwenye macho mazuri angekiona kwa mita 18. Hapa ndipo kinapotakiwa kifaa cha bei ndogo kuliko vyote: kadi yenye kitundu cha milimita moja na ushei. Mtu akitazama kupitia kitundu akasoma mistari zaidi, tatizo lake kwa kawaida ni la miwani. Asiposogea, tafuta ugonjwa: mtoto wa jicho, kovu kwenye kioo cha jicho, au maradhi ya ndani nyuma kabisa. Zoezi linaloiruka hatua hii huwagawia miwani ya boksi, ile iliyotengenezwa tayari, watu wanaohitaji upasuaji.

Lakini hata chati ikipimwa kwa uangalifu wote, kuna ugonjwa inaoupita. Presha ya macho, yaani ugonjwa wa glakoma, hula mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo, na mara nyingi huanza na uoni wa pembeni. Hapana maumivu wala wekundu. Jicho moja likipungukiwa, jengine linafidia, na ubongo unaziba pengo, kwa hivyo mtu haoni giza lolote. Anachokijua ni kuwa siku hizi anajigonga kwenye ukingo wa mlango na hamuoni anayemsalimu kutoka ubavuni. Katikati hubaki safi kwa muda mrefu, na chati inapima katikati tu. Ndiyo maana mtu husoma 6/6 na mshipa umeshaliwa sehemu kubwa, akarudi nyumbani na karatasi iliyoandikwa “macho mazuri”. Kwa huyu, karatasi ile ina madhara kuliko kutopimwa. Mwenzake ambaye hakupimwa akiambiwa “mbona wajigonga?” atashtuka, lakini huyu aliyepimwa ana ushahidi mkononi, na kilichokwisha kuliwa hakirudi.

Basi kila anayekuja apimwe presha ya jicho, yaani msukumo wa maji ya ndani? Hapa wakosoaji nao wanakwenda kasi mno. Kiwango cha kawaida ni kati ya 10 na 21, milimita za zebaki, lakini yupo mwenye 24 ambaye mshipa wake hauguswi miaka nenda miaka rudi, na yupo mwenye 16 unaoliwa. Jopo la Marekani linaloshauri juu ya vipimo vya kinga liliupitia ushahidi tena 2022 na kusema hautoshi kupendekeza wala kukataa kuwachuja watu wazima wote wasio na dalili. Marekani si Pemba, na ugonjwa huu huwapata watu wa asili ya Afrika zaidi na mapema zaidi. Hata hivyo onyo linafaa. Ukiwamimina wenye presha ya mpakani kwenye kliniki chache zilizopo, unamsukuma nyuma yule ambaye jicho linampotea kweli.

Kwa maoni yetu zoezi libaki, ila lichague. Wa kutazamwa mshipa kwa tochi ya daktari, pamoja na kupimwa presha, ni waliozidi miaka 40, na kabla ya wote ndugu na watoto wa wagonjwa wa presha ya macho. Mwenye kisukari cha ukubwani atazamwe tangu mwaka anaoambiwa ana kisukari, kisha kila mwaka, hata akiona sindano gizani. Mtoto apimwe kabla ya kuanza skuli, kwa sababu jicho lililozoea kutotumika ni vigumu kuliamsha baada ya miaka 7 au 8. Na mboni ya mtoto ikionekana nyeupe, asingojee zoezi lolote. Mtu mzima aliyevuka 40 asiye na historia hiyo, kila miaka miwili inamtosha.

Anayekwenda kutazamwa ndani ya jicho ajue atatiwa dawa ya kupanua mboni. Hushika kwa dakika 20 hadi 30, na ukungu hubaki saa kadhaa: asiende na pikipiki yake. Achukue miwani ya zamani na dawa anazotumia, na aombe namba zake ziandikwe, kila jicho peke yake. Miwani ya boksi ina nguvu sawa pande zote mbili. Mwenye macho yasiyolingana itamuumiza kichwa.

Akikutwa na presha ya macho, atapewa matone, na hapo ndipo wengi wanapoachia njiani, maana hawaoni tofauti yoyote wakiyatumia. Tone moja linatosha. Afumbe jicho na kubonyeza kona ya ndani, karibu na pua, dakika moja au mbili, ili dawa isikimbilie kooni. Kukiwa na dawa ya pili, asubiri dakika 5. Nyingi ya chupa hizi, zikishafunguliwa, mwisho wake ni wiki 4 hata kama dawa imebaki. Siku anayofuata chupa ya pili, aende pamoja na nduguye, naye akatazamwe mshipa.