Harvard na sisi katika daftari moja

Kila mwaka, kabla ya tarehe 15 Mei, nakaa mezani na kujaza fomu fupi ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Mimi ni mweka hazina wa kikundi kidogo cha wahamiaji hapa Massachusetts. Jumamosi tunawafundisha watoto wetu Kiswahili, na katikati ya wiki tunawasindikiza wageni wanaokwenda kuandikisha watoto shule au kumwona daktari, ili wapate mtu wa kuwatafsiria. Fomu yetu inaitwa 990-N. Ni ya mashirika ambayo mapato yao kwa kawaida hayazidi dola 50,000 kwa mwaka, na inauliza mambo machache tu: jina, anwani, namba ya utambulisho, jina la kiongozi mmoja. Dakika kumi zinatosha.

Nikishamaliza hufungua daftari la IRS lililo wazi kwa umma na kulitafuta jina letu. Limo. Na ndani ya daftari hilohilo, chini ya kifungu kilekile cha sheria, 501(c)(3), cha mashirika ya hisani yasiyotozwa kodi ya mapato, limo jina la Chuo Kikuu cha Harvard, ambacho wakfu wake mwaka 2024 ulikuwa na thamani ya dola bilioni 53.2. Mbele ya sheria ya kodi, sisi na wao ni watu wa ukoo mmoja.

Ndiyo maana moyo hunidunda kila ninapomsikia mwanasiasa au mwandishi wa habari akitaja "sekta ya mashirika yasiyo ya faida" katika jimbo letu kana kwamba anataja kitu kimoja. Leo atasema sekta ni tajiri, inakwepa kodi. Kesho mwingine atasema sekta ni maskini, inahitaji kuokolewa. Wote wawili wana takwimu, na takwimu zao ni za kweli. Tatizo ni kwamba wamechanganya hospitali yenye maelfu ya wauguzi na jiko la chakula linaloendeshwa na wastaafu watano.

Idadi yenyewe si ya kuaminiwa sana. Mwaka 2006 Bunge la Marekani lilipitisha sheria kwamba shirika lisilopeleka taarifa IRS kwa miaka mitatu mfululizo linafutiwa msamaha wa kodi moja kwa moja. Orodha ya kwanza ilitoka Juni 2011, na mashirika kama 275,000 nchi nzima yakafutwa kwa mpigo. Mengi yalikuwa yamekwisha kufa zamani, ila hakuna aliyekuwa ameyazika. Basi miaka yote ya nyuma watu walihesabu marehemu pamoja na walio hai. Upande wa pili, makanisa na misikiti hailazimiki hata kuomba kusajiliwa, kwa hiyo mingi haimo kabisa. Pia kuna vikundi vinavyofanya kazi chini ya mwavuli wa shirika jingine kubwa linalowashikia hesabu, navyo havionekani. Ukiniambia jimbo lina mashirika elfu kadhaa, nitakuuliza umehesabu nini.

Halafu kuna neno "yasiyo ya faida", ambalo linawapotosha wengi. Watu hudhani shirika la namna hii haliruhusiwi kubaki na ziada mwisho wa mwaka. Linaruhusiwa, na lenye busara hujitahidi libaki nayo. Lisichoruhusiwa ni kuigawa ziada hiyo kwa wenyewe, kwa kuwa halina wenyewe. Hakuna hisa, hakuna mrithi, hakuna anayeweza kuamka asubuhi akasema "hiki ni changu, nakiuza". Sisi tuna neno la zamani linalolieleza jambo hili vizuri zaidi, nalo ni wakfu. Mali ikishawekwa wakfu imetoka mikononi mwa aliyeitoa, na anayeitunza ni mdhamini tu. Ukilishika wazo hilo, utaelewa kwa nini familia hii ina watu wasiofanana hata kidogo. Kifungu cha 501(c) kina aina karibu thelathini: vyama vya wafanyakazi, vyama vya wafanyabiashara, vyama vya maveterani, vyama vya akiba na mikopo, hata kampuni za makaburi. Ligi ya mpira wa Kimarekani, NFL, ilikuwa humo kama chama cha kibiashara mpaka ilipojitoa yenyewe mwaka 2015.

Massachusetts ina mizizi mirefu katika haya, na naipenda historia hiyo. Katiba ya jimbo ya mwaka 1780, ambayo mwandishi wake mkuu alikuwa John Adams, ina sura inayokihusu Harvard kwa jina, na ndani ya sura hiyohiyo inawaagiza wabunge na mahakimu wavitie moyo vyama vya watu binafsi vinavyokuza kilimo, sanaa, sayansi na biashara. Karne moja baadaye, kijana aliyesomea kubuni mandhari, Charles Eliot, alitoa hoja kwamba maeneo mazuri ya asili yashikwe na wadhamini kwa niaba ya umma, kama maktaba inavyoshika vitabu na jumba la makumbusho linavyoshika picha. Bunge la jimbo likakubali mwaka 1891, na shirika hilo, Trustees of Reservations, lipo hadi leo. Miaka mitano baadaye wanawake wawili wa Boston, Harriet Hemenway na Minna Hall, walianza kuwaalika wenzao chai na kuwasihi waache kuvaa kofia zenye manyoya ya ndege waliouawa kwa ajili ya urembo. Hivyo ndivyo Mass Audubon, shirika la kulinda ndege, ilivyozaliwa mwaka 1896, na mwaka uliofuata jimbo likapiga marufuku biashara ya manyoya ya ndege wa porini. Ilianza na vikombe vya chai sebuleni. Nikikaa na wazazi wenzangu Jumamosi, watoto wakiimba silabi chumba cha pili, huwakumbuka wale kina mama.

Lakini ukubwa wa leo haukutokana na chai peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kamishna wa huduma za vijana wa jimbo, Jerome Miller, alizifunga shule za kurekebishia watoto waliokosa, kwa sababu ya ukatili uliokuwa ndani yake, na kazi ya kuwalea ikahamia kwenye mashirika yaliyo karibu na jamii. Njia hiyohiyo ilifuatwa kwa wagonjwa wa akili na watu wenye ulemavu. Serikali ikabaki kuwa mlipaji, mashirika yakawa watendaji kwa mkataba. Nyumba za pamoja, makazi ya wasio na nyumba, ushauri nasaha kwa waathirika wa dawa za kulevya: nyingi ya huduma hizi hutolewa na watu ambao kwenye takwimu wanaitwa wafanyakazi wa sekta binafsi, ingawa mshahara wao hutegemea bajeti inayopitishwa na Bunge la jimbo. Nawafahamu wengi wao. Kina mama na kaka zetu waliotoka Afrika Mashariki wamejaa kwenye zamu za usiku za nyumba hizo. Mtu akisema sekta imekua, mimi naona pia kwamba serikali imepata njia ya kupunguza gharama kupitia mgongo wa mtu anayemgeuza mgonjwa kitandani saa tisa usiku. Hilo linaniuma.

Nchi nzima, takwimu za kazi za mwaka 2022 zilionyesha mashirika haya yana ajira milioni 12.8, karibu asilimia 10 ya ajira zote za sekta binafsi, na theluthi mbili hivi ziko katika afya na huduma za jamii. Hapa kwetu mwajiri binafsi mkubwa kuliko wote ni Mass General Brigham, mtandao wa hospitali usio wa faida. Kwa hiyo unaposikia "sekta", sehemu kubwa ya unachosikia ni hospitali.

Je, ina maana gani hospitali kuwa wakfu? Hapa wengine hukata tamaa na kusema hakuna tofauti, bili ni bili. Sikubaliani nao, na sababu yangu ni hii. Mwaka 2010 mtandao wa hospitali sita za Kikatoliki, Caritas Christi, uliokuwa umelemewa na madeni, uliuzwa kwa kampuni ya uwekezaji ya Cerberus kwa idhini ya Mwanasheria Mkuu na mahakama ya juu ya jimbo. Ukageuka kuwa biashara iliyoitwa Steward. Mwaka 2016 ardhi na majengo ya hospitali hizo yakauzwa kwa kampuni nyingine, hospitali zikawa wapangaji wa nyumba zilizokuwa zao. Mei 2024 Steward ikafilisika, na tarehe 31 Agosti mwaka huo hospitali zake mbili, Carney ya Dorchester, iliyotoka Caritas, na Nashoba Valley ya Ayer, ambayo Steward iliinunua baadaye, zikafungwa. Sisemi kwamba Carney ingebaki wakfu isingefungwa. Madeni yalikuwepo tangu zamani. Ninachosema ni kwamba mali ya wakfu mtu haiuzi chini ya miguu ya wagonjwa ili wawekezaji wapate chao. Tofauti hiyo inatosha kwangu.

Kwa sababu hiyohiyo nawadai wakubwa zaidi. Karibu nusu ya ardhi ya Boston haitozwi kodi ya majengo, ukijumlisha ya serikali na ya taasisi. Tangu mwaka 2011 jiji lina utaratibu wa kuziomba taasisi zenye mali ya zaidi ya dola milioni 15 zichangie robo ya kodi ambayo zingelipa, na nusu ya mchango huo unaweza kuhesabiwa kwa huduma zinazotoa kwa wakazi. Ni hiari. Baadhi hutoa chote walichoombwa, wengine hutoa pungufu mwaka baada ya mwaka. Nadhani hiari imepewa muda wa kutosha. Ningependa Bunge la jimbo liifanye sheria, kwa taasisi kubwa pekee, na liseme waziwazi kwamba kikundi kinachokodi chumba chini ya kanisa hakimo. Vilevile ningependa takwimu za jimbo zitangazwe kwa makundi: hospitali na vyuo upande wao, wenye mikataba ya serikali upande wao, na sisi wa kujitolea upande wetu. Kazi hiyo si ngumu, maana fomu zenyewe zimekwisha kututenga kwa mapato.

Mwaka huu fomu nimeijaza pamoja na binti atakayenipokea kazi hii, mmoja wa wanafunzi wetu wa zamani. Tulipofika kwenye swali la mapato, aliuliza aandike kiasi gani. Nikamwambia hawaulizi kiasi. Thibitisha tu kwamba hatujavuka 50,000. Akathibitisha. Kisha akashuka hadi mwisho wa ukurasa, akapanda juu tena, akauliza saa za walimu zinaandikwa wapi. Nilimwonyesha kitufe cha kutuma, maana sehemu hiyo haipo.